Maji yakimwagika Vegas, huzoleka

Kadi yenyewe haizidi kiganja. Ina picha ya jani la kijani, na chini yake maneno machache yanayomwambia mgeni kwamba akipenda kuyatunza mazingira, aiache juu ya mto kabla ya kutoka, nasi hatutabadilisha mashuka siku hiyo. Mto wa kulalia, nasema. Ule mto mwingine tutaufikia.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kutandika vitanda katika hoteli moja hapa Las Vegas. Asubuhi moja nilibisha, nikaingia, nikaikuta kadi imewekwa katikati ya mto kwa adabu kabisa, kama sadaka. Nikafurahi, maana kitanda kimoja kilikuwa kimenipungukia. Kisha nikasikia maji. Bafuni shawa ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, maji ya moto, mvuke umejaa hata kioo hakionekani, na nyuma ya mlango kumetundikwa shati jeupe kwenye hanga. Mwenyewe alikuwa ameshuka kunywa chai huku shati lake likijinyoosha kwa mvuke. Pasi ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka pale.

Mimi ni mtu wa Kitui, Kenya. Nimekulia mahali ambapo kiangazi kikikaza unaingia katikati ya mto mkavu, unafukua mchanga hadi maji yaanze kuchungulia, unayateka kwa kikombe, unajaza jerikani ya lita 20 huku punda anakuangalia kama mtu mwenye haraka zake. Nilifunga ile shawa kwa nguvu hadi kiganja kikauma. Hasira hiyo niliibeba vyumba vyote vilivyobaki, na jioni nikaisafirisha hadi nyumbani.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kati ya dhambi zote za mji huu, shawa ile ilikuwa ndogo kabisa. Kilichoteketea pale ni moto wa kuyachemsha maji. Maji yenyewe yalikuwa yameshaanza safari ya kurudi yalikotoka. Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki, na huko kwetu ni kweli tupu. Vegas huzoleka, mradi yamwagike ndani ya nyumba.

Najua hili linasikika kama propaganda ya hoteli. Mdogo wangu aliwahi kunitumia video ya chemchemi za hoteli ya Bellagio, maji yanarushwa juu hadi kama mita 140, yanacheza muziki, na chini yake ameandika: "Dada, hawa watu wamerogwa? Jangwani?" Sikumjibu, kwa sababu nami nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Karibu kila anayetaka kuusema vibaya mji huu huanzia kwenye chemchemi hizo, na mtu hawezi kumlaumu. Bonde hili hupata mvua ya kama milimita 100 kwa mwaka. Kitui yetu tunayoililia kila msimu hupata mara tano ya hiyo na zaidi. Halafu katikati ya ukame huo kuna ziwa la ekari nane linalokatika viuno usiku.

Lakini ziwa lile halijazwi kwa maji ya mto Colorado, unaounywesha mji huu. Hujazwa kwa maji ya kisima, kwa haki ya maji iliyorithiwa kutoka kwa uwanja wa gofu wa hoteli ya Dunes, iliyolipuliwa mwaka 1993 ili Bellagio ijengwe. Nyasi za gofu zilikuwa zikinywa kuliko ziwa linavyonywa leo. Nilipomweleza mdogo wangu, akasema siku hizi ninamtetea tajiri wangu. Kwa taarifa yake, sifanyi kazi pale.

Na tukiwa hapo: barabara ya mahoteli iitwayo Strip, ile mnayoiona kwenye sinema, haimo ndani ya Jiji la Las Vegas. Sehemu yake kubwa iko Paradise, mahali pasipo na meya, panaposimamiwa na Kaunti ya Clark. Kwa hiyo mwisho wa mwaka 2016 jiji lilipotangaza kwamba majengo yake na taa zake za barabarani sasa zinatumia umeme wa nishati jadidifu peke yake, dunia ilidhani makasino yote yameokoka. Yaliyookoka ni maofisi, viwanja vya michezo na mlingoti wa taa ulio mbele ya kanisa langu.

Turudi kwenye maji. Karibu asilimia 90 ya maji tunayotumia hapa hutoka mto Colorado kupitia ziwa Mead, lililojikusanya nyuma ya bwawa la Hoover, mwendo wa dakika 40 hivi kwa gari. Hayo mengine hutoka ardhini. Zamani ardhi ilitosha. Jina lenyewe la Las Vegas ni Kihispania, maana yake mbuga za majani, kwa sababu palikuwa na chemchemi za kweli hapa, na Wapaiute, wenyeji wa asili wa hapa, walizinywa karne nyingi kabla ya reli kufika na viwanja kupigwa mnada mwaka 1905. Mji ukachimba visima, ukanyonya, ukanyonya, na mwaka 1962 chemchemi zikaacha kutoa maji juu ya ardhi.

Sasa kila tone linaloteremka kwenye sinki, choo, shawa au mashine ya kufulia huenda kwenye mitambo ya kusafisha majitaka, kisha huachiliwa katika mkondo uitwao Las Vegas Wash, unaoteremka hadi ziwa lile lile Mead. Nevada, jimbo letu, ikirudisha lita moja, huruhusiwa kuchota nyingine juu ya fungu lake la mto. Ni daftari la mama mboga: ukirudisha chupa, unapewa nyingine bila kuongezewa deni.

Nilikwenda kujionea, Jumanne moja ya Februari, siku yangu ya mapumziko. Upande wa mashariki wa bonde kuna hifadhi ya kinamasi ambapo mkondo huo unapita. Matete yamepita urefu wangu, mabata wanaogelea, korongo mmoja wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja kama askari wa zamu ya usiku. Kulikuwa na harufu ya mbali ya sabuni ya kufulia. Nikanusa sweta yangu, nikidhani ni mimi. Ilikuwa mto. Nilikaa pale saa nzima nikihesabu: maji ya vyumba 13 kwa siku, siku tano kwa wiki, miaka yote hii, yamepita hapa. Mto mzima wa taulo zangu, na samaki ndani yake.

Basi swali si maji mangapi yanamwagika. Ni wapi. Ya ndani hurudi. Ya nje, yale yanayonyunyiziwa nyasi au yanayopaa na upepo, hayarudi tena, na hapo ndipo mji huu ulipojificha dhambi zake kwa miaka mingi, wakati sisi sote tunatazama chemchemi zinazocheza. Futi moja ya mraba ya nyasi hapa hunywa galoni 73 kwa mwaka, zaidi ya lita 270. Na nyasi zilikuwa kila mahali: katikati ya barabara, mbele ya benki, kuzunguka maegesho ya magari, mahali ambapo hakuna mtu anayekaa, hakuna mtoto anayecheza, na anayekanyaga ni yule yule anayekuja kuzikata.

Mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada, iliyoundwa mwaka 1991, ilianza mwaka 1999 kuwalipa watu wang'oe nyasi. Ndiyo, unalipwa kwa kila futi ya mraba. Zaidi ya futi milioni 200 zimeshang'olewa. Mwaka 2021 bunge la jimbo likapitisha sheria nzito zaidi: mwisho wa mwaka 2026, nyasi za mapambo kwenye maeneo ya biashara, ya serikali na ya nyumba za kupanga hazitamwagiliwa tena maji ya mto Colorado. Nyasi za mapambo. Kiingereza chao huziita nyasi zisizo na kazi, na nilicheka niliposoma, kwa sababu mama yangu angeuliza: kwani kuna nyasi yenye kazi isipokuwa ile inayoliwa na ng'ombe?

Kuna pia wanaotembea na magari mitaani wakitafuta maji yanayotiririka hadi lami. Tunawaita polisi wa maji. Jumapili huruhusiwi kumwagilia mwaka mzima, na kiangazi huruhusiwi kati ya saa tano asubuhi na saa moja jioni. Jirani yangu mmoja alipigwa picha ya bomba lake bovu, akaonywa, akapuuza, akatozwa faini, akapuuza tena, na faini ya pili ikawa mara mbili ya ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayetukumbusha sisi wengine siku za kumwagilia.

Si upendo wa mazingira uliowafikisha hapa. Ni umaskini. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana mto Colorado, na sheria ya mwaka 1928 ikaweka mafungu ya majimbo matatu ya chini: California ekari-futi milioni 4.4, Arizona milioni 2.8, Nevada 300,000. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, kama lita milioni 1.2. Nevada nzima ilikuwa na watu wasiofika 80,000 wakati wa makubaliano yale, na hakuna aliyeota kasino. Leo bonde hili lina watu zaidi ya milioni mbili, hupokea wageni kama milioni 40 kwa mwaka, na fungu ni lile lile. Wilaya moja tu ya umwagiliaji kule California, Imperial, ina haki ya ekari-futi milioni 3.1, zaidi ya mara kumi ya Nevada nzima, na sehemu kubwa yake huotesha majani ya kulisha ng'ombe. Mtu anayekula nyama huku akiilaani Vegas kwa kuukausha mto, mwambie aanze na sahani yake.

Mtoto wa mwisho kwenye sufuria hujifunza kukwangua. Mwaka 2023 Nevada ilitumia chini ya ekari-futi 200,000, pungufu ya fungu lake dogo, ingawa watu wameongezeka kwa mamia ya maelfu tangu mwaka 2002. Hapo mimi huwavulia kofia, na sisemi hivyo kwa urahisi.

Lakini Julai 2022 nilikwenda ziwani na wenzangu wawili wa kazini, Mfilipino na Mwethiopia, tukiwa na samosa na injera na friji ndogo ya vinywaji. Hatukukaa. Ziwa lilikuwa limeshuka hadi futi 1,040 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho halikuwahi kufika tangu lilipokuwa likijazwa mwaka 1937. Kwenye miamba kulikuwa na ukanda mweupe wa chumvichumvi, mrefu kuliko ghorofa, kuonyesha maji yalikokuwa. Mwenzangu Mfilipino aliutazama akasema kwa Kiingereza chake cha mkato kwamba huo ni ule mstari tunaousugua kwenye beseni la kuogea. Kweli, ndio huo huo: madini yanayobaki maji yakienda. Tofauti ni kwamba ule wa ziwani hatuna dawa yake. Mei ya mwaka huo maji yalipokuwa yakirudi nyuma, watu waliokuwa matembezini walikuta pipa likiwa na mwili wa mtu aliyepigwa risasi miaka mingi nyuma. Magazeti yalishangilia mambo ya majambazi wa zamani. Mimi nilichokiona ni kwamba ziwa lilikuwa limeishiwa mahali pa kuficha.

Mji wenyewe hautakuwa na kiu upesi. Bomba lake la kwanza la kuchotea lilikuwa limeshatokeza nje ya maji tangu Aprili ile. Ila mwaka 2015 walikuwa wamekamilisha bomba la tatu, lililochimbwa chini ya ziwa, na mwaka 2020 kituo cha pampu kinachoweza kuchota hata maji yakiwa chini mno kupita kwenye bwawa. Fikiria hapo. Siku maji yatakapokosa kuvuka bwawa la Hoover, mashamba ya Arizona na California na wakulima wa Mexico wakiwa wakavu, Vegas bado itakuwa inakunywa. Ni akili nyingi, na ni ubaridi wa moyo, na sijaweza kuamua kipi kimezidi.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi, maana hoteli zenyewe zimeshasema kwa kirefu. Taa za mji huu, kwa miongo mingi, ziliwashwa kwa makaa ya mawe. Kituo cha Reid Gardner kilikuwa kimesimama jirani kabisa na hifadhi ya Wapaiute wa Moapa, na majivu yake yalipeperuka hadi milangoni mwao. Kilifungwa mwaka 2017. Mwaka huo huo ardhi ya Wapaiute wale ikaanza kutoa umeme wa jua, megawati 250, ingawa mnunuzi wake wa kwanza alikuwa Los Angeles. Kisa hicho nakipenda kuliko tangazo lolote. Kampuni ya MGM nayo mwaka 2021 iliwasha mtambo wa jua wa megawati 100 jangwani kaskazini ya mji, unaoweza kuzipa hoteli zake hadi asilimia 90 ya umeme wa mchana. Mchana. Vegas ninayoijua mimi huamka jua likizama. Wala katika hesabu zao za kijani sijawahi kuona ndege zinazowaleta wageni zikitiliwa maanani.

Mabaki ya chakula ndiyo hadithi tamu. Tangu miaka ya 1960 kulikuwa na shamba la nguruwe North Las Vegas lililolishwa makombo ya mabufee ya makasino. Mji ukalifuata hadi mlangoni, wenye nyumba mpya wakaanza kulalamikia harufu, na nguruwe wakahamishiwa jangwani zaidi. Makombo bado yanakwenda, na sheria inataka yachemshwe kwanza. Kamba, nyama za mbavu, keki za tabaka tatu, vyote uji. Mwaitu, yaani mama yangu, niliyemweleza haya kwa simu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wanaajiri huko kwa nguruwe.

Na sabuni. Kila mgeni hufungua kipande kipya, anakitumia mara moja, anaondoka. Nilipoanza kazi nilikuwa nikitupa vipande hivyo na kuona aibu. Sasa tunavikusanya kwenye ndoo maalumu, vinakwenda kusagwa, kusafishwa na kufinyangwa upya, kisha vinasafirishwa kwa wanaovihitaji. Kati ya waliobuni kazi hiyo ni Mganda, Derreck Kayongo, mtoto wa mtengeneza sabuni, aliyewahi kuwa mkimbizi Kenya enzi za Idi Amin. Alipofika Marekani miaka ya 1990 na kulala hotelini Philadelphia, alishangaa kuambiwa sabuni iliyotumika mara moja hutupwa. Mwaka 2009 akaanzisha mradi wa sabuni kule Atlanta, ambao baadaye uliungana na Clean the World, shirika lenye kituo chake hapa hapa Vegas. Kila nikidondosha kipande kwenye ile ndoo nafikiria kwamba jambo hili halikuhitaji mhandisi, lilihitaji mtu aliyewahi kukosa sabuni.

Sasa kadi.

Nilisema hapo mwanzo kwamba ilinifurahisha. Ilikuwa hivyo miezi ya kwanza. Kisha ukagundua kwamba chumba kilichoachiwa kadi siku tatu hakikai kisafi siku tatu. Mchanga wa bwawa la kuogelea kwenye zulia, piza chini ya kitanda, nywele zimeziba shimo la shawa, na mgeni akiondoka unapewa dakika zile zile za chumba kilichosafishwa jana. Tena kadi zikiwa nyingi ghorofani, msimamizi huhesabu vyumba, anaona wafanyakazi wamezidi, na wa mwisho kuajiriwa wanaambiwa wakae nyumbani siku hiyo, bila malipo. Baada ya korona hoteli nyingi za Marekani zilitaka kuifanya hali hiyo iwe ya kudumu: chumba kisisafishwe mpaka mgeni aombe. Kwa ajili ya mazingira, walisema. Na kama nilivyokwisha kuwaeleza, maji ya kufulia shuka ile yangerudi ziwani vilevile. Kilichookolewa kilikuwa moto wa mashine, sabuni kidogo, na mshahara wa mtu.

Chama chetu cha wafanyakazi, Culinary, tawi la 226, chenye watu kama 60,000, kilikaa mezani na makampuni makubwa mwaka 2023 huku mabango ya mgomo yakiwa tayari. Novemba, saa chache kabla ya mgomo, mkataba ukapatikana, na ndani yake mna kifungu cha kusafisha vyumba kila siku. Kadi hazikwisha. Mgeni akitaka kuiweka aiweke. Lakini jani la kijani halina tena uwezo wa kuniacha nyumbani Jumatano.

Tarehe 7 Julai 2024 bonde hili lilifika nyuzi 48.9, joto ambalo halijawahi kuandikwa hapa. Mwaka huo kaunti ilihesabu vifo zaidi ya 500 vilivyohusika na joto. Wengi wetu tunaotandika vitanda tunaishi upande wa mashariki, ambako miti ni ya kuhesabu na lami ni nyingi. Kituo changu cha basi kina nguzo ya bango na benchi la chuma ambalo saa tisa alasiri hukalii. Kuna nguzo moja ya umeme. Kivuli chake ni chembamba kama mkanda, na utatukuta tumesimama ndani yake mmoja nyuma ya mwingine, watu saba au wanane, mama mjamzito ametangulizwa mbele. Jua likisogea, kivuli kinasogea, na mstari wote unapiga hatua nusu bila mtu kusema neno.

Nyuma ya jengo ninalopanga kuna mforsadi. Ni mzee, maana tangu mwaka 1991 miti hiyo hairuhusiwi kupandwa hapa kwa sababu ya chavua yake. Ndio uliokuwa ukiweka kivuli kwenye dirisha la jikoni. Chini yake palikuwa na nyasi, zile za mapambo, na mwaka juzi zikang'olewa, pakamwagwa kokoto na kuchomekwa dungusi watatu. Hakuna sheria iliyosema mti ukatiwe maji. Wanaoitekeleza husema kabisa kwamba miti iachiwe mirija yake. Lakini aliyeng'oa nyasi aling'oa na mabomba yote, akalipwa kwa futi, akaondoka. Kufikia Agosti majani yalikuwa yameanza kukauka kuanzia kwenye ncha, na kokoto zilikuwa zikirudisha joto dirishani kama tanuri la mkate.

Kitui maji ya kuoga hayamwagwi, hupelekwa kwenye mpapai. Kwa hesabu ya Vegas hilo ni kosa: maji yakiteremka kwenye shimo la bafu yanarudi ziwani na kuandikwa kwenye daftari, lakini ukiyapeleka kwenye shina la mti yamekwenda, hayataonekana tena. Nalijua hilo sasa kuliko mtu yeyote kwenye jengo letu. Jirani yangu wa faini analijua pia, na hunitazama kupitia pazia.

Naweka beseni chini ya shawa. Ndoo mbili kila usiku, saa tatu, jua likiwa limeshazama na ukuta bado unaunguza kiganja. Ya kwanza ikigusa kokoto hutoa sauti ya sufuria, chwii, na mvuke kidogo unapanda. Ya pili huingia kimya.